Mikono Iliyoraruka kwenye Diski

Saa nne kasorobo asubuhi begi la Mzee lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa mlangoni. Bibi mmoja aliyeitwa Kipimajoto nusura alikanyage alipokuwa anaingia.

"Begi la nani hili?"

"La baba," Binti Mkubwa alijibu. "Saa kumi gari linakuja, namhamishia kwangu. Hawezi kulala nyumba moja na mtu aliyemuua mama mara ya pili."

Maneno ni yake. Binti Mkubwa alikuwa mwanamke mwema, lakini chumvi hakuwahi kuipima kwa kijiko. Kipimajoto alivua viatu, akafuta miwani, akaomba maji ya kunywa. Miaka thelathini alifanya kazi polisi, katika chumba cha vielelezo vya kanda na picha, na jina hilo alipewa huko huko. Alikuwa anaingia kwenye chumba cha mahojiano, anakaa kona kimya kama hayupo, anatoka anajua nani ana homa. Siku hizi amestaafu, na watu humwita kwa mambo ya nyumbani ambayo mtu huona haya kuyapeleka kituoni.

"Nieleze tena," alisema. "Jana kwenye simu ulikuwa unalia."

Binti Mkubwa akaeleza. Baba yake alikuwa kiziwi tangu utotoni, na mama yake vivyo hivyo. Watoto walizaliwa wanasikia, lakini katika nyumba ile mikono ndiyo iliyozungumza kwa miaka hamsini. Miezi mitatu kabla ya kufariki, mama alifunga mlango wa sebule, akaweka kamera ya zamani ya kanda juu ya stuli, akazungumza nayo peke yake dakika arobaini. Alichosema hakuna aliyekiona. Alimwambia mumewe jambo moja tu: nikiondoka, utaangalia wewe kwanza, wengine baadaye.

Mzee hakuwa na habari na kompyuta. Alikuwa na televisheni yake nene yenye mgongo na mashine ya kuchezea DVD. Ikabidi kanda iingizwe kwenye diski, na kazi hiyo akapewa Mkamwana, mke wa mwanawe, kwa kuwa yeye ndiye pekee aliyejua programu ya kutengenezea DVD. Mumewe alikuwa safarini kikazi, mwezi wa pili sasa.

"Jana jioni baba akaweka diski," Binti Mkubwa aliendelea. "Mama akatokea, uso safi, unaweza kuhesabu kope. Akainua mikono aanze kusema. Mikono ikararuka! Vidole vinatetemeka, vinakwenda mbele vinarudi nyuma, huelewi hata neno. Uso mzima, ukuta mzima, mikono tu ndiyo imeharibiwa. Sasa niambie, mashine gani inayojua kuchagua mikono?"

Lilikuwa swali zuri na Kipimajoto hakuficha kwamba limemkaa akilini.

"Na kanda yenyewe?"

"Imetafunwa na kamera. Siku hiyo hiyo! Na faili kwenye kompyuta limefutwa. Amelifuta yeye. Siku hiyo hiyo!"

"Kwa nini afanye hivyo?"

Binti Mkubwa alishusha sauti, ingawa baba yake, aliyekaa hatua tatu kutoka pale, asingesikia hata bomu. "Mama alikuwa hampendi, sikufichi. Miaka sita yumo humu ndani, hajajifunza kusema na mama. 'Maji', 'chakula', 'habari za asubuhi', basi. Alijua mama atamsema humo. Akaogopa asichokijua."

Kipimajoto aliandika: kanda, faili, diski. Vitu vitatu kufa siku moja, na mkono ulioshika vyote ni mmoja. Angekuwa bado kazini, mkuu wake angeshaagiza gari.

Alimwendea Mzee. Binti Mkubwa akainuka ili atafsiri.

"Wewe kaa, dada. Anayelalamika hatafsiri."

Alimpa Mzee daftari na kalamu. Mzee aliandika kwa herufi kubwa, kama mtu anayechonga.

USO WAKE UPO. MANENO HAYAPO.

Kipimajoto akaandika chini yake: "Hukusoma hata neno moja?"

Mzee alifikiri. JINA LANGU TU. ALILITAJA POLEPOLE.

Kipimajoto aliyatazama maneno hayo kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili. Kisha akaomba ruhusa ya kuitazama diski, akaeleza kwa maandishi kwamba yeye kwa mikono anajua salamu tu, siri za mtu hataziiba. Mzee akamkabidhi rimoti.

Kwanza aliipeleka diski dirishani, akaigeuza geuza kwenye mwanga. Haikuwa na mkwaruzo wala alama ya kidole. Akaiweka. Yakatokea maua ya waridi mekundu, maandishi ya dhahabu, na kitufe cha kuanzia. Akabonyeza. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi lile lile ambalo Binti Mkubwa alikuwa amelikalia sasa, mikono mapajani, anatabasamu. Picha ilikuwa safi kweli. Kisha akainua mikono na Kipimajoto akaguna. Vidole vilikuwa vimechanika mistari mistari kama meno ya kitana, vinaruka mbele na nyuma mpaka macho yanauma. Nyuma yao uso wa mama uliendelea kutulia, na saa ya ukutani ilisomeka mpaka dakika.

"Umeona?" alisema Binti Mkubwa.

"Nimeona. Nyamaza kidogo."

Alipeleka mbele. Dakika ya nne, ya tisa, ya kumi na tatu. Hapo akasimamisha, akarudisha, akasogeza kiti mpaka pua ikaribie kioo. Paka alikuwa anapita nyuma ya kochi. Mkia wake ulikuwa umeraruka. Akaruka juu ya kochi, na mwili mzima ukawa kitana. Akajilaza mapajani kwa mama, akatulia, na mara akawa paka kamili mwenye masharubu yote.

"Dada," alisema Kipimajoto, "huyu paka naye alikuwa na maneno ya kumsema mkamwana?"

"Paka gani?"

"Huyu. Naye amenyamazishwa." Akaonyesha na pazia, lililokuwa likipeperushwa na upepo kwenye kona ya picha. Upepo ukija, pazia linachanika. Upepo ukikata, pazia linapona. "Hakuna aliyelenga mikono. Kila kinachokwenda mbio kimeumia, na kila kilichotulia au kwenda polepole kimepona. Ndiyo maana baba yako alisoma jina lake tu."

Binti Mkubwa akasogea karibu na kioo kumtazama paka.

"Sasa niletee diski nyingine yoyote ambayo mnajua ni nzima."

Ikaletwa ya harusi ya Binti Mkubwa mwenyewe, harusi iliyochelewa miaka lakini ilipokuja ikavuma mtaa mzima. Kipimajoto akaiweka kwenye mashine ile ile, televisheni ile ile. Yakatokea waridi yale yale na maandishi ya dhahabu yale yale, kisha watu wakacheza, wakaruka, wakarusha vitambaa hewani, na hakuna kilichotetemeka. Basi mashine haina kosa na televisheni haina kosa. Lakini hakuitoa diski haraka. Alirudi kwenye waridi, akayaangalia huku anajikuna kidevu.

"Mkamwana yuko wapi?"

Alikuwa chumba cha nyuma, chenye meza ya pasi, cherehani na kompyuta iliyofunikwa kitambaa. Macho yalikuwa yamevimba. Alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Hakipiti."

"Kitapita. Kaa. Nieleze tangu kanda ilipoingia kwenye kamera mpaka diski ilipotoka. Usiruke kitu, hata kama ulikwenda chooni."

Mkamwana alivuta pumzi. "Niliunganisha kamera na kompyuta kwa waya. Nikabonyeza, ikaanza kunakili. Mama akatokea, amekaa, mikono mapajani. Nilipoona picha ipo, nikageuza kiti."

"Ukageuza kiti?"

"Nikaangalia ukuta. Dakika arobaini."

"Kwa nini?"

Alimtazama Kipimajoto kwa mshangao, kama aliyeulizwa kwa nini anabisha hodi. "Yalikuwa maneno ya baba. Humu ndani, mikono ikizungumza yasiyokuhusu, unageuka. Ndivyo tunavyoishi. Wageni ndio hukodoa macho."

Kalamu ya Kipimajoto ilisimama. Akachora duara kuzunguka neno "kiti", akaendelea.

"Diski ilipotoka hukuijaribu?"

"Niliijaribu! Waridi likatokea, mama akatokea amekaa, safi kabisa. Alipoanza kuinua mikono nikageuka tena."

"Kwa hiyo uliona sekunde ngapi?"

"Tano. Labda sita."

"Na mikono ikiwa imetulia."

"Ndiyo."

"Halafu ukafuta faili."

"Kila nikimaliza diski nafuta, la sivyo kompyuta inajaa inagoma kuwaka. Na kanda si ilikuwepo? Nikasema niirudishe mwanzo nimkabidhi baba mkononi. Ndipo kamera ikaitafuna." Machozi yakaanza upya. "Nilijua hakuna atakayeniamini. Hata mimi nisingejiamini."

Kipimajoto aliinua kamera, akafungua kidirisha cha kanda, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Kiroli cha mpira kilikuwa kimekauka, kinang'aa kama kigae. Ukikipapasa kinateleza. Kiroli cha namna ile huacha kuvuta kanda na kuanza kuizungushia tumboni, na kwa siku moja alikuwa ameshaona vitatu vya hivyo kule vielelezo. Kanda ilikuwa imekunjika, lakini haikuwa na alama ya mkasi wala ya kucha.

"Hii imejifia yenyewe kwa uzee," alisema. "Washa kompyuta."

Programu ikafunguka. Kipimajoto hakugusa picha. Alitafuta kazi ya mama kwenye orodha, akaangalia tarehe zake.

"Mwanangu, mama alirekodiwa mwaka huu. Mbona kazi hii ilianzishwa miaka mitatu iliyopita?"

"Eh? Hiyo…" Mkamwana alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Wifi alitaka waridi. Alisema kama diski ya harusi yake ina waridi, ya mama haiwezi kuwa kavu. Kuyatengeneza upya ni kazi ya siku nzima. Nikafungua ile ya harusi yake, nikatoa picha za harusi, nikaingiza za mama, nikabadilisha maandishi."

"Na picha za harusi zilipigwa na kamera hii?"

"Hapana. Alikodiwa mpiga picha na kamera yake kubwa."

Kipimajoto akavuta kiti karibu na kompyuta. Alibonyeza mahali pa mipangilio, akashuka, akashuka tena, mpaka akafika kwenye kisanduku kidogo ambacho watu hawakifungui kwa sababu hakieleweki. Kilikuwa kimeandikwa: mistari ya juu kwanza.

"Alhamdulillahi," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuegemea kiti. "Mwanangu, mama yupo. Yupo mzima. Hajapotea hata kidole."

Mkamwana alimshika mkono bila kujijua.

"Sikiliza. Kamera hizi hazichukui picha nzima kwa mkupuo mmoja. Zinachukua nusu, mstari mmoja ndiyo, mmoja hapana, halafu kufumba na kufumbua zinachukua nusu ya pili. Kamera ya harusi ilianza na mistari ya juu. Hii ya mama inaanza na ya chini. Programu huulizwa mara moja tu, na ilishajibiwa siku ya harusi. Wewe ukaleta picha za mama, yenyewe ikazipangia mlolongo wa harusi. Televisheni ikawa inaonyesha nusu iliyopigwa baadaye kabla ya iliyotangulia. Mkono unakwenda mbele, unarudi, unakwenda mbele, unarudi. Kochi halijali, limekaa. Paka akilala hajali. Nusu zote ziko ndani ya diski, zimewekewa mlolongo wa nyuma mbele tu."

"Sasa tunafanyaje? Faili sina."

"Tunainakili diski yenyewe irudi kwenye kompyuta, tunabadilisha kisanduku hiki kimoja bila kugusa picha, tunaandika diski mpya. Leta diski ya aina inayofutika na kuandikwa tena. Tutajaribu dakika moja kwanza, ya paka. Hapo mama anampapasa tu, hasemi neno."

Wakati kompyuta inanakili, Kipimajoto alisukuma mlango kwa kisigino ukajifunga. Akasema taratibu, "Kuna kitu kingine. Mtu asiyejua kusoma mikono hana haja ya kugeuza kiti."

Mkamwana aliutazama mlango.

"Tangu lini?" Kipimajoto aliuliza.

"Mwaka wa kwanza." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilijifunza kwa siri, kwa rafiki yangu mmoja kiziwi, nije nimfurahishe mama. Siku niliyotaka kumwonyesha, nikawakuta mezani na baba wananisema. Chai yangu. Mama anasema ni maji ya kunawia. Nimesimama hapo hapo na birika mkononi! Nikaona haya. Nikisema naelewa, nitamwaibisha mama wa watu. Nikasema kesho. Kesho ikawa miaka mitano."

"Na miaka yote hiyo ulikuwa unayaona?"

"Nilikuwa nageuka. Si mara zote nilikuwa nawahi." Akamshika tena mkono. "Usimwambie wifi, tafadhali."

"Mimi nimeitwa kwa ajili ya diski," alisema Kipimajoto. Moyoni alikuwa ameshamtoa kwenye orodha. Anayetaka kufuta maneno huyasoma kwanza ajue yaliko, na huyu alikuwa amekaa dakika arobaini anaangalia ukuta.

Walipoiweka kwenye televisheni sebuleni, jaribio la kwanza lilitetemeka vile vile. Mkamwana akashika kichwa, Binti Mkubwa akasema "Si nilisema!", na Kipimajoto akafungua mashine, akakuta ameirudisha diski ya zamani.

"Uzee huo," alisema, akaweka nyingine.

Paka akatoka nyuma ya kochi, mkia juu, unapepea, mzima. Akaruka, mzima. Mkono wa mama ukashuka ukampapasa mgongoni, kidole baada ya kidole, unaona hata pete. Mzee, aliyekuwa amekaa na mikono kwapani asitake kutazama, alinyanyuka nusu. Akakaa. Akanyanyuka tena, akaenda mlangoni, akalishika begi lake akaliburuta mpaka chumbani kwake, wote wakasikia nguo zinarushwa kitandani.

Binti Mkubwa alimgeukia Kipimajoto. "Basi alikosea wapi?"

"Alifungua kazi ya harusi apate waridi."

"Waridi…" Akaitazama diski ya harusi yake. "Waridi niliyataka mimi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo na mimi nimo kwenye kesi?"

"Hakuna kesi, dada. Piga simu kwa mwenye gari umwambie asije."

Saa tisa kasorobo diski mpya ilikuwa tayari, safari hii bila ua hata moja. Mzee alivaa shati safi, akakaa mbele ya televisheni, akawapungia mkono watoke. Wanawake watatu wakaenda jikoni. Binti Mkubwa alichemsha maji, akatoa vikombe, akasafisha meza ambayo ilikuwa safi. Mwishowe akasema bila kumtazama mtu, "Wifi, nimekukosea." Mkamwana akasema, "Yameisha." Halafu Binti Mkubwa akamuuliza kama amekula, naye akakubali kwamba njaa inamuuma vibaya, na mara akala mkate wa watu wawili akiwa amesimama.

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya Mzee, ile sauti nzito ya mtu asiyejisikia, anacheka. Kisha kimya. Kisha anacheka tena. Kipimajoto alishukuru kwamba yuko jikoni, maana macho yake mwenyewe hayakuwa makavu.

Ilikaribia saa kumi mguu wa Mzee ulipopiga sakafu mara tatu, ndivyo alivyokuwa akiwaita watu. Wakaenda. Alikuwa amesimamisha picha. Akamnyooshea kidole Mkamwana, akamwonyesha kochi, akaionyesha televisheni.

"Baba, yeye hasomi," Binti Mkubwa alisema kwa mdomo na kwa mikono. "Ngoja nimtafsirie."

Mzee akabonyeza. Mama akainua mikono, na Binti Mkubwa, aliyefanya kazi hiyo tangu ana miaka mitano, akaanza kwa sauti yake ya kutafsiri, isiyo na mwenyewe.

"'Mkwe wangu. Unakumbuka siku nilipomwambia mume wangu kwamba jiko linashika moto? Nilisema kwa mikono tu. Wewe ulikuwa umeligeuzia jiko mgongo, hukuwa umeuona moto. Lakini ulikimbia kuzima kabla yake.'" Akapunguza kasi. "'Nikajua unasoma. Nikalala nahesabu yote niliyokusema mbele ya uso wako. Miaka… miaka umeyameza, na asubuhi unanimiminia chai. Nilitaka kukuambia, nikaona haya. Sasa nakuambia. Nisamehe, mwanangu.'"

Akaacha kutafsiri. Akamgeukia Mkamwana, mdomo wazi.

Mkamwana hakumwona. Alikuwa amesogea mpaka mbele ya kioo, mama amesimamishwa mikono kifuani, na yeye akainua yake akamjibu. Alizungumza haraka, bila kukwama, kama mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba ile. Mzee aliitazama mikono hiyo mwanzo mpaka mwisho, kisha akajipiga paja akaangua kicheko kilichotikisa vikombe.

"Amesema nini?" Kipimajoto alinong'ona.

Binti Mkubwa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, ikabidi aanze mara mbili.

"Anasema alishamsamehe siku nyingi. Lakini kuhusu ile chai, mama alisema kweli."